Wakwe kutoka Strasbourg

Kaka yangu Obuya akikunja uso, nyumba nzima hunyamaza. Siku Ivyne alipoleta wakwe kwangu Loresho, aliukunja tangu langoni. Baba yake Ivyne, ndugu yetu, alishafariki, kwa hivyo Obuya, baba mkubwa, ndiye mwenye neno la mwisho. Akikataa, hakuna harusi. Ivyne alijibanza jikoni akisikiliza.

"Unaitwa nani?" Obuya akamuuliza bwana harusi.

"Luc Ziegler, mzee. Kwetu ni Strasbourg." Luc amefundisha shule ya Parklands, hapa hapa mjini, miaka mingi, Kiswahili hakimsumbui.

"Luc ni jina ya Kifaransa. Ziegler ni ya Kijerumani. Sasa wewe ni mtu wa wapi?"

"Ufaransa, mzee. Lakini hapo zamani ilikuwa Ujerumani. Halafu Ufaransa. Halafu tena..."

"Ngoja!" Obuya akanigeukia. "Phoebe, hawa hawana kwao. Siwezi peana msichana kwa watu hawana kwao."

Nilitamani kumfinya Luc. Wazungu nao! Ukiulizwa kwenu, si utaje mahali pamoja unyamaze?

Mama yake, Odile, mwanamke mnene mwenye macho ya utundu, akauliza kumetokea nini. Alipoelezwa, akaweka kikombe chini na kuanza kusimulia, Luc akitafsiri. Nyanya yake Odile alizaliwa Strasbourg akiwa Mjerumani. Akaanza shule akiwa Mfaransa. Vita vikaja, akajifungua mtoto akiwa Mjerumani tena, na akafa Mfaransa. Yote hayo katika nyumba moja ya mbao, kando ya mto.

"Alizikwa wapi?" Obuya akauliza.

Hapo nikaketi wima. Kwetu Busia, mpakani na Uganda, kwenu ni palipo na makaburi yenu, kwingine kote umepanga tu.

"Hapo hapo," Luc akasema. "Yeye, mama yake, na nyanya ya mama yake. Wako pamoja."

"Kwa hivyo hawajawahi kuhama."

"Hata siku moja, mzee."

"Na ng'ambo ya huo mto kuna nini?"

"Ujerumani. Mama huvuka daraja kununua sabuni. Huko ni bei rahisi."

Obuya akaangua kicheko mpaka kofia ikamtoka. "Phoebe! Hawa ni watu wa Busia kabisa! Hata hii sukari wanakunywa nimeivusha kutoka Uganda!"

Nikaleta kuku haraka, kabla hajabadilisha nia. Firigisi kwetu ni ya mkubwa wa wanaume, na Obuya hajawahi kumgawia mtu, hata alipokuwa mgonjwa. Aliitoa kwenye sahani yake kwa vidole, akampita Luc, akaiweka mbele ya Odile.

"Kula, mama," akasema. "Uko nyumbani."

Odile alikuwa bado anatafuna wakati Ivyne alipotoka jikoni mbio, bila kuitwa, bila haya ya bibi harusi, akijipigia vigelegele mwenyewe. Nilicheka nikilia. Furaha ilinizidi.