Tairi la Chini ya Rundo

Mchana ule Bi Mwanaidi hakutulia. Alikaa, akainuka, akakaa tena, na ugali wake wa muhogo ukapoa akiuangalia tu.

Miaka ishirini na mbili alikuwa amepima korosho maghalani. Watu wa Mtwara watakuapia kwamba alikuwa akilitazama gunia tu, korosho mbovu zinajitokeza zenyewe kuomba radhi. Alipostaafu, Dickson akamwita kiwandani kwake, wanakovalisha matairi makuukuu ya malori mpira mpya. Kazi ilikuwa kupima. Katika kila fungu litolewe tairi moja, libebeshwe mzigo, lizungushwe mtamboni saa nyingi. Likivumilia, fungu zima linapigwa muhuri, na muhuri anao Bi Mwanaidi.

Tairi la fungu hili lilizunguka mbio hizo ungedhani linakwenda Songea kuposa. Likapasi. Akagonga muhuri matairi ishirini, na sita akayabeba Omari, dereva wa lori la korosho. Alikuwa akimtania kila mara: "Bi mkubwa, nikiuona muhuri wako nasinzia kwenye usukani!"

Sasa, mbele ya ugali uliopoa, akakumbuka jambo. Tairi lile lilichaguliwa na Dickson mwenyewe, tena juu kabisa ya rundo. Ghalani hata kibarua wa jana anajua: sampuli huchomolewa chini, maana juu muuzaji hupanga warembo. Yeye wa miaka ishirini na mbili amesahauje? Eti kwa kuwa ni mpira?

Akarudi mbio kiwandani, akaburura tairi la chini, akalikata kama anavyopasua korosho kuona kiini. Mpira mpya ukabanduka kama ganda la muhogo uliochemka.

"Bi Mwanaidi!" Dickson alitoka ofisini. "Tairi si korosho!"

"Ni kweli, bosi. Korosho mbovu huumiza tumbo tu."

"Ni moja tu hilo."

"Basi chagua mwenyewe la pili."

Akachagua. Likabanduka. La tatu hakuligusa.

"Lakini yale ya Omari yameshauzwa," alisema polepole. "Ni mali yake sasa."

"Na muhuri je, ni wa Omari? Aliyetengeneza nani? Aliyepima nani?"

Simu ya Omari ikajibiwa na yule dada asiyechoka kusema hapatikani. Wakaingia kwenye gari la Dickson, wakashika barabara ya Kilambo, alikokwenda Omari kupakia. Njia nzima Bi Mwanaidi alikanyaga breki asizokuwa nazo. Kila lori lilipotokea mbele, alifungua mlango kabla gari halijasimama.

Walimkuta Mahurunga, lori limejaa magunia, mwenyewe yuko kwenye usukani anamenya chungwa.

"Shikamoo, bi mkubwa! Umenifuata na harusi?"

"Marahaba. Shuka, nione magurudumu."

"Gari linateleza kama samaki. Mnada kesho, usinicheleweshe."

Bi Mwanaidi akainama. Alipapasa tairi moja moja, na kwenye la nne mkono ukasimama. Lilikuwa na nundu ukubwa wa embe, ya moto.

"Nilidhani tope," Omari alisema. Chungwa likamdondoka.

Dickson alikuwa ameshavua shati lake jeupe, anatafuta jeki. Hakuna aliyemwambia.

"Kosa ni letu," alimwambia Omari bila kumtazama usoni. "Yote sita tunayachukua. Mapya yatakufuata hapa hapa, na ghalani nitaeleza mwenyewe kwa nini umechelewa."

Bi Mwanaidi alikuwa akihesabu kwa kidole. Akarudia kuhesabu, akachungulia hadi mahali pa tairi la akiba.

"Omari, matano haya. La sita?"

Omari akajikuna kisogo. Kati ya madereva wa korosho, mwenzako akipasukiwa njiani humwachi. Unampa la akiba, mtajuana mjini.

"Nimemwazima Yusufu. Amepakia mihogo, na juu ya mihogo akina mama wanane wanaokwenda ngomani Msimbati. Saa hizi labda anaikaribia Madimba."

Bi Mwanaidi akamgeukia Dickson, maneno yote ameshayapanga mdomoni. Hayakuhitajika. Dickson alikuwa ameshawasha gari, kifua wazi, mikono myeusi kwa vumbi la tairi.

"Panda, mama," alisema. "Na namba ya Yusufu, ichukue kwa Omari, anza kupiga."