Mikono Yangu Ilivyosingiziwa

Usukani ukitetemeka, mtu mwenye akili hutazama gari. Watoto wangu walitazama mikono yangu.

Gari lenyewe ni dogo, jepesi, la michezo, la viti viwili. Niliwalea watoto watano kwenye gari la viti saba, wao na mabegi yao na matapishi yao. Nilipoacha kushonea watu nguo nikanunua hili makusudi, ili nikisema halina nafasi nisiwe nimesema uongo.

Lilikwenda vizuri mpaka mkwe wangu aliponiletea zawadi ya kutimiza miaka sabini: rimu nne mpya za magurudumu, zinang'aa utadhani sufuria za wageni. Tangu zifungwe, usukani ukawa unatikisika mpaka meno yanagongana. Nikamwambia. Akalizungusha mtaani, akarudi amenuna.

"Mama, mbona limetulia?"

Mkewe, binti yangu mkubwa, naye akalizungusha. Limetulia. Binti huyu ni muuguzi, na muuguzi akikosa ugonjwa kwenye gari ataupata kwa dereva.

"Nyoosha mikono, mama. Unaona? Inatetemeka."

"Inatetemeka kwa hasira."

"Basi Jumamosi saa kumi tutakuja. Kama fundi hajaona kitu, ufunguo unanipa mimi. Ni kwa usalama wako."

Ebo! Mikono hii inatunga uzi kwenye sindano bila miwani! Lakini kulikuwa na jambo nisiloweza kulisema. Wao waliendesha mwendo wa kilomita sitini kwa saa. Gari linaanza kutikisika tisini. Na mimi nilikuwa nimewaapia kwamba sivuki hamsini.

Kwa fundi ilibidi nifunguke.

"Linaanza ukifika ngapi, bibi?"

Nikatazama huku na kule. "Tisini."

"Bibi!"

"Likipita mia na kumi linaacha."

"Bibi jamani!"

"Nimekuja gereji, sikuja mahakamani. Tengeneza."

Fundi huyo tunamwita Taratibu, na jina halikumwonea. Jumatatu aliyapima magurudumu yote kwenye mashine ya balansi, ionyeshayo kama gurudumu linayumba: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Jumanne akaingia chini ya gari kukagua viungo vya usukani; vizima. Jumatano akahamisha magurudumu ya mbele yakaenda nyuma, ya nyuma yakaja mbele. Nikaenda kulijaribu, meno yakagongana vilevile. Alhamisi akarekebisha alaimenti, magurudumu yatazame mbele sawasawa. Bado. Ijumaa akanifuta machozi kwa kuniambia eti labda ni barabara.

"Barabara gani?"

"Hizi tu, bibi."

"Zote?"

Nilihesabu mpaka kumi. Nikarudia.

Jumamosi asubuhi nikaketi juu ya tairi kuukuu katikati ya gereji yake, nikamwambia siondoki. Nadhani ni kwa kutaka kunihamisha ndipo alipovua gurudumu la mbele na kufanya alichopaswa kufanya Jumatatu: akachukua kipimo, akapima tundu la katikati ya rimu, kisha akapima kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu lile. Akapima tena. Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Bibi, tundu ni kubwa kuliko kitovu. Kwenye mashine gurudumu linabanwa katikati, ndiyo maana linasoma sifuri. Kwenye gari linashikwa na nati tu, linakaa kombo kidogo, ukikimbia linatikisa usukani. Rimu kama hizi huja na pete za plastiki za kuziba nafasi hiyo. Ziko wapi?"

"Pete?"

"Nne. Nyeusi, nyepesi, upana wa mdomo wa kikombe. Nikiagiza zingine ni wiki mbili."

Siku ile ya zawadi nilikuta kwenye boksi la rimu vipete vinne vyeusi, nikadhani ni vya kufungashia tu. Vilikuwa saizi hasa ya kubania mapazia ya sebuleni. Madirisha mawili, mapazia manne, vipete vinne. Mkwe mwenyewe alivisifu!

"Bibi, umeziona mahali?"

"Njoo kwangu saa kumi na jeki yako. Na usiniulize kitu mbele ya watu."

Saa kumi binti na mkwe walikuwa wamekaa kwenye kochi na sura za msibani. Nikawasalimu, nikaenda dirishani, nikachomoa kipete cha kwanza. Pazia likajiachia. Nikachomoa cha pili.

"Mama, unafanya nini?"

"Jua linaniumiza macho."

"Jua liko upande wa jikoni," alisema mkwe.

"Kumbe na macho pia," binti akamnong'oneza, kwa ule mnong'ono wa wodini unaosikika vitanda vinne. Nilipochomoa cha nne sebule ikawa giza tii, nami wakati wa kutoka nikajigonga kwenye meza.

Nje, Taratibu alizipachika pete, akakaza nati, akanipa ufunguo. Nikajaza maji kwenye glasi, nikamwita binti.

"Ingia. Shika hii."

Tukashika barabara kuu. Sitini, maji yametulia. Sabini na tano.

"Mama, inatosha."

Tisini. Usukani umetulia kama mtoto aliyeshiba. Mia. Maji hayakucheza hata kidogo, kisha yakamwagika yote kwenye sketi yake, maana sasa aliyekuwa anatetemeka ni yeye.

"Mama! Mia!"

"Hebu nyoosha mikono tuione."

"Ulituambia hamsini!"

"Niliwaambia linatikisika. Hamkuniuliza kwa mwendo gani. Fundi aliuliza."

Tukarudi nyumbani. Mkwe alikuwa mlangoni na Taratibu.

"Vipi mikono?" aliuliza mkwe.

"Mikono haina kitu," binti alisema, akiminya sketi. "Mguu wa kulia ndio unaumwa."

"Na ufunguo?"

Alinitazama kama anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano. "Abaki nao. Lakini themanini, mama. Themanini!"

"Themanini," niliapa.

Mkwe hakuridhika. Akamgeukia fundi. "Kwani tatizo lilikuwa nini?"

"Pete za rimu."

"Zilikuwa wapi siku zote hizo?"

Taratibu akanitazama, akayatazama madirisha yangu, akakohoa.

"Zilikuwa na kazi nyingine."

Mimi nikaingia ndani kutafuta utepe wa kubania mapazia. Sebule ilikuwa bado giza.