Paa la Kumpokea Baba

Baba alifariki wakati wa kuangua kokwa za jozi mitini, na theluji ya kwanza ikatukuta hatuna mtu wa kulishughulikia paa. Nyumba yetu ya Taleqan, milimani Iran, ilikuwa ya udongo, hata paa lake bapa. Kila theluji ilipoacha kuanguka, Baba alipanda na koleo, akaisukuma yote chini, kisha akaviringisha gogo la jiwe juu ya paa huku na huku mpaka udongo ushikamane. Mwaka ule theluji ilikaa, ikayeyuka, maji yakapenya, na paa likaingia chumbani. Kaka yangu Behruz akamchukua Mama kwake mjini Karaj, ghorofa ya nne, nami nikaenda kukaa naye.

Ikafika Alhamisi ya mwisho kabla ya Nairuzi, mwaka mpya wetu. Asubuhi nilimkuta Mama amevaa viatu.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Nyumbani. Baba yenu anakuja leo."

Kwetu, jioni ile marehemu hurudi na kutua ukingoni mwa paa lake, aone kama anakumbukwa. Asipopata harufu ya halwa ikikaangwa, hukaa na kinyongo mwaka mzima.

"Mama, paa lenyewe liko sakafuni," Behruz alisema. "Atatua wapi?"

"Ndiyo maana naenda. Aje akute kifusi, na mkewe hayupo?"

"Jamani, Baba si njiwa!"

"Njiwa ana akili kuliko wewe. Njiwa anajua kwao."

Behruz alinitazama. Kuta zilizobaki kule Taleqan zilikuwa na nyufa za kupitisha mkono. Kulala mle ni kujizika. Nikasema hata hapa kuna paa, tukaange halwa hapa hapa.

"Paa la nani?" Mama akauliza.

Nikamwambia kuna mtu chini mwenye ufunguo wake. Akachukua ufagio na ndoo, maana paa la kumpokea mtu hufagiliwa na kunyunyiziwa maji, tukashuka kwa Bwana Kiyani, msimamizi wa jengo, kuomba ufunguo.

"Bibi, paa ni la wote," alisema. "Nikikufungulia wewe, kesho kila mtu atataka."

"Wote ndio akina nani?"

"Wakazi. Familia zote za humu."

"Na hao wote hawana wafu?"

Kiyani alijikuna shingo. "Mimi nina mama. Alizikwa kwetu Ardabil."

"Umemkaangia halwa?"

"Mimi? Naishi peke yangu, Bibi. Hata yai linaniungulia."

"Basi mama yako atazunguka bure kwa ajili ya kufuli lako."

Akafungua. Mama alifagia paa zima, hata nyuma ya matangi. Mimi nilibaki jikoni nikikaanga unga mpaka ukawa wa kahawia, nikamimina shira ya zafarani na maji ya waridi. Bomba la feni ya jikoni lilitokeza paani, kwa hiyo harufu ilinitangulia.

Nilipopanda na sahani, Mama alikuwa ukingoni, anatazama milimani, Behruz na Kiyani nyuma yake. Alimwita Baba kwa jina lake, kama anayemwita mtu aje kula.

"Safar, tumehama. Lile paa usilitafute, limeanguka. Tuko Karaj kwa Behruz. Na ukimwona mama yake huyu bwana, njoo naye."

"Anaitwa Sona," Kiyani alisema taratibu. "Mfupi. Hatembei haraka."

"Anaitwa Sona," Mama akapaza sauti. "Usimwache nyuma."

Tukala halwa tumesimama. Behruz akauliza kama kesho ampeleke Taleqan.

"Kufanya nini?" Mama alisema. "Si nimeshamwambia tuko hapa?"