Mwenye Bucha Anakula Kunde

Mwenye bucha wa pale kona watu walimwita Maini. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, alijikaangia maini kwenye jiko dogo nyuma ya duka, akayala kwa kuyapuliza. Ukimuuliza habari ya mboga, alikuwa na jibu lake: "Majani kala ng'ombe, ng'ombe nimemla mimi. Mboga nimeshakula."

Siku moja akaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likikigusa anaona nyota. Mkewe, fundi cherehani, akamkokota hadi kwa daktari.

"Hili ni jongo, ugonjwa wa viungo," daktari alisema. "Punguza nyama. Maini acha kabisa."

"Basi nitahamia kwa dagaa."

"Dagaa nao ni walewale. Kula nafaka, kunde, mboga, matunda."

"Daktari, mimi nina bucha."

"Sijakwambia ufunge bucha. Nimekwambia ufunge mdomo."

Maini hakuogopa kunde, aliogopa watu. Wakisikia muuza nyama kakatazwa nyama, ataiweka wapi sura yake? Kwa hiyo mkewe akawa anampakia kunde na mchicha kwenye kibakuli, naye anachuchumaa nyuma ya friji, anakula chapuchapu kama mwizi. Uvimbe ukapungua. Mkanda ukaanza kulegea. Hata ngazi za nyumbani akawa anazipanda bila kusimama katikati na kujifanya anatafuta funguo.

Ila siri ya mtu mmoja haikai penye watu wengi. Kinyozi wa duka la pili aliingia kuomba barafu, akazunguka nyuma ya friji, akamkuta Maini jani la mchicha linaning'inia mdomoni.

"Kaka, unafanya nini?"

"Naonja."

"Unaonja nini, nawe unauza nyama?"

Kwa kinyozi yule, kichwa ulikipeleka na nywele, ukarudi nacho na habari. Kesho yake mtaa mzima ukajua kwamba mwenye bucha hagusi nyama yake. Wengine wakasema kuna kitu kakiona. Wengine wakasema nyama ile hata si ya ng'ombe. Wateja wakawa wanapita mbele ya bucha wakitazama mawingu, wanakwenda kujipanga ng'ambo ya barabara kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza samaki.

"Pole, shemeji," yule bwana alimwita kutoka kule, huku akiparua magamba kwa furaha. "Riziki haina shemeji."

Maini akapiga moyo konde. Akatoa jiko nje, akakaanga maini sahani tele, akala mbele ya kadamnasi, akalamba na vidole. Watu wakacheka, wakanunua. Siku hiyo kulabu za nyama zilibaki tupu.

Kesho yake kiatu hakikuingia. Akaja kazini anachechemea, mguu mmoja kwenye ndara ya mkewe yenye ua. Kinyozi, aliyekuwa akisutwa na roho, akaingia mikono wazi kumkumbatia na kuomba radhi, na katika kukumbatia huko akamkanyaga palepale.

Ukelele wa Maini uliwatoa watu madukani. Walipomkuta kakaa juu ya gogo la kukatia nyama, machozi yanamtoka, hakuona tena cha kuficha.

"Nyama yangu haina kasoro," alisema. "Mwenye kasoro ni mimi. Nimekula yangu, nikala na ya wenzangu. Sasa nala kunde, na kunde zinanifaa."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye kikapu akauliza polepole, "Hicho kidole, kinauma zaidi alfajiri?"

"Alfajiri ndiyo balaa."

"Basi ni cha mume wangu hichohicho."

Kinyozi akavua kiatu, akatoa mguu wake nao utazamwe. Wateja walirudi, ingawa sasa aliyezoea kilo alinunua nusu, na Maini mwenyewe ndiye aliyewashauri. Hata shemeji alivuka barabara, akamnong'oneza sikioni, "Daktari alisemaje hasa kuhusu dagaa?"

Jioni Maini alikaa mezani na mkewe, sinia la wali na kunde za karanga katikati. Alikula matonge mawili, akasema:

"Mke wangu, umeiacha nyama kwa ajili yangu. Samahani."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Mimi nyama sijawahi kuipenda."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na miaka yote hii tumekula?"

"Ulikuwa unaingia nayo mlangoni unatabasamu hivyo. Ningekwambiaje?"

Maini alimtazama mwanamke yule kama mgeni aliyeingia sasa hivi. Kisha akamsogezea upande wa sinia wenye kunde nyingi.