Waliotoka Kwenye Foleni

Mpwa wangu huko chuoni walimwita Wastani, na jina likamkaa. Alikuwa mwaka wa mwisho wa takwimu; hata ukimuuliza kama chai imekolea, alitaka kujua unailinganisha na ya nani. Siku hiyo alikuwa anawasilisha utafiti wake mbele ya jopo. Mkuu wa kitengo cha takwimu cha hospitali walikofanyia utafiti angekuwepo, naye alikuwa na nafasi moja ya mafunzo kazini. Wastani aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anasahau kula.

Mimi nilikuwa napita tu. Kwa dada yangu huwa sikai sana; kuta huanza kunisogelea. Lakini dada alikuwa zamu kiwandani, na kabla ya kutoka alinionyesha kidole. "Kaka, najua miguu inakuwasha. Ila leo ukimwacha binti yangu aende peke yake, usinibishie hodi tena." Basi nikabaki, nazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mjomba, kaa! Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa nalala."

"Si ulale basi!"

Alikuwa mezani, kompyuta mbele yake, anapitia kwa mara ya mwisho grafu waliyokwisha kulitumia jopo. Utafiti wenyewe hata mimi niliyesoma vipande vipande niliuelewa. Yeye na mwenzake, kijana wanayemwita Kikotoo, walikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, wakaandika kila mtu alisubiri dakika ngapi mpaka kumwona daktari. Wakapata kwamba Jumatatu watu wanasota kuliko siku zote. Wakapendekeza daktari mmoja wa Alhamisi ahamishiwe Jumatatu.

Ghafla akaacha kubofya. Akasogeza uso karibu na kioo, kama anayenusa.

"Mungu wangu. Zile tisa."

"Tisa gani?"

"Mjomba, nimeharibu."

Akanieleza. Mgonjwa akichoka akaondoka kabla ya kuitwa, walikubaliana waandike 999 kwenye safu ya dakika. Alama tu, waje kuitoa baadaye. Hawakuitoa. Kompyuta nayo haijui alama. Ilizihesabu kama dakika za kweli, kana kwamba watu wale walikaa pale mpaka giza likawakuta. Na wengi wao walikuwa wa Jumatatu.

"Sasa si uwatoe?"

Akawatoa. Grafu ikaporomoka. Jumatatu ikawa sawa na Alhamisi, na pendekezo lao likabaki halina mguu wa kusimamia.

Kikotoo akaingia, tai ya kuazima shingoni. Alipoambiwa, hakuketi.

"Usiseme kitu. Nani atafungua safu moja moja? Mzee, mwambie huyu!"

"Mimi usinitie humo."

"Tukisema, nafasi imekwenda."

"Na tusiposema," Wastani akajibu, "daktari anahamishwa kwa sababu ya alama yetu." Akainuka, akaanza kuzunguka na yeye. Sebule ni ndogo. Tukagongana kwenye kona ya meza, na hakuna aliyecheka.

Chumba cha jopo kilikuwa na viti vya plastiki na feni iliyokuwa inalalamika. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, kama kawaida yangu. Wastani akasimama. 

"Grafu tuliyowatumia si ya kweli. Kosa ni letu." Akawaonyesha ya zamani, akawaonyesha mpya. Kikotoo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mkuu wa kitengo, mama mmoja aliyepandisha miwani juu ya paji la uso, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, umewatoa. Wamekwenda wapi?"

"Nani, mama?"

"Hao walioondoka. Walivumilia muda gani kabla ya kuondoka?"

Wastani akatazama safu zake. "Hatukuandika. Tuliweka alama tu."

"Kwa hiyo waliochoka zaidi ndio usiowajua. Kwanza uliwafanya majitu, sasa umewafanya hewa. Jumatatu huenda ni mbaya kweli. Unajua?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Nafasi siwezi kukupa leo."

Nilishaanza kuinuka. Mama akashusha miwani.

"Ila sijampa mtu. Jumatatu hii kaa mlangoni, siyo kwenye benchi. Niletee wanaotoka bila kumwona daktari, ndipo tuzungumze."

Jumatatu hiyo mimi nilipaswa kuwa mbali. Badala yake nilikuwa nje ya lango la hospitali na mpwa wangu, jua linatupiga utosini. Kikotoo hakuwa ametokea. Mama mmoja akatoka amebeba mtoto, hasira imemtangulia.

"Samahani, mama, ulifika saa ngapi?"

"We binti, nimechoka kuulizwa! Ndani wameniuliza jina mpaka nimelisahau."

"Jina sitaki. Saa tu."

"Basi tembea, mimi sisimami."

Wastani akatembea naye. Barabara nzima akawa anaandika huku anakimbiakimbia, anaruka mitaro, karatasi zinapigwa na upepo. Wakati huohuo bwana mmoja mwenye bandeji chafu mkononi akatoka langoni, akashika njia ya upande wa pili. Mpwa wangu akamwona kwa mbali.

"Mjomba! Huyo! Usimwache!"

Nikatoka mbio, kofia mkononi. Nilimfikia kwenye kona, pumzi juujuu.

"Ndugu yangu, uliingia humo saa ngapi?"

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi nipishe."

Nikampisha, nikatembea naye.