Ratiba ya Timu Ishirini na Nne

Basi Farhan alikuwa na programu yake ya ligi, mwaka huo wa tisini na saba, na sio siri, ilikuwa kali. Unaingiza majina ya timu, unabonyeza, printa inalia krii krii, ratiba hiyo inatoka. Kaiandika mwenyewe kwenye kompyuta ya shangazi yake, Bi Mwajabu, mwenye kiofisi cha kuchapa barua pale Chang'ombe. Shangazi akishafunga kazi saa kumi, kompyuta inakuwa ya Farhan mpaka magharibi.

Na haiuzi. Hapo ndipo watu walipokuwaga wanamshangaa. Njoo na disketi yako, anakunakilia, tena anakupa mpaka maandishi ya ndani, ile mistari yenyewe, uichokonoe utakavyo. Sharti moja tu: ukirekebisha kitu kikawa kizuri, rudisha nakala Chang'ombe ili na wengine wapate. Temeke waliichukua, Kinondoni wakafuata, mpaka watu wa Kibaha.

Ishu ikaja siku Marijani, katibu wa ligi ya Temeke, alipoleta karatasi ya timu ishirini na nne. Msimu uliopita zilikuwa kumi na sita. Farhan akaanza kuziingiza. Kufika ya kumi na saba, kompyuta ikaganda.

"Imekufa?" Marijani akauliza.

"Haijafa. Imeshiba."

"Mie nataka ratiba Ijumaa ijayo, mjomba. Ikishindikana narudi kwenye daftari langu. Daftari halishibi."

Farhan akacheka, ila alijua sio utani. Temeke ikirudi kwenye daftari, wote watalirudia, na miaka yake miwili itaonekana mchezo wa kijana aliyekosa kazi. Na hiyo kumi na sita, kikomo cha timu, kaipachika mwenyewe kila mahali, kurasa arobaini nzima. Akiitoa hapa, inachomoza kule. Peke yake asingemaliza.

Sio kwamba hakutafuta watu. Kabandika matangazo kwenye vyuo vya kompyuta, kuanzia Tandika mpaka Magomeni: WANATAKIWA WANAOJUA KUANDIKA PROGRAMU. MSHAHARA HAKUNA. CHAI IPO. Na walikuja, tena wengi. Tatizo hawakai.

Unajua, kabla ya kompyuta Farhan alikuwa gereji miaka miwili, na gereji ina taratibu zake. Ukija mgeni unaosha plagi kwa petroli, unafagia, unamshikia fundi tochi. Injini unaiangalia kwa macho. Spana utapewa mwezi wa tatu, kama bado upo. Farhan akaona ndio namna ya kumjua mtu wa kweli. Kwa hiyo kila aliyekuja alipewa rundo la disketi, afute za zamani, aandike lebo mpya. Kiti cha mbele ya kompyuta, Farhan tu. Wiki ya pili mtu humuoni.

"Hawana moyo," akawa anamwambia shangazi.

"Au wana akili," shangazi anamjibu, anahesabu bahasha zake.

Jumatatu akaja jamaa wa ligi ya Kunduchi kuomba karatasi za printa. Mkononi kashika ratiba. Farhan akaikodolea macho. Timu thelathini.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa sista Flaviana. Kwani sio yenu?"

Flaviana alikuwa mmoja wa wale walioondoka. Wiki tatu za lebo, kwa mwandiko mzuri, halafu akaaga vizuri akaenda zake. Kazi yake mapokezi, hoteli moja ya Kunduchi. Kesho yake Farhan akamfuata hukohuko.

"Karibu hotelini. Unataka chumba cha upande wa bahari?"

"Flaviana, usinifanyie hivyo."

"Bosi yuko nyuma yako. Sema haraka kama mteja."

"Umeitoa ile kumi na sita."

"Wiki ya kwanza. Nikawa naandika lebo, macho yanasoma karatasi zako, usiku narekebisha kwenye kompyuta ya hapa."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia nimalizie lebo."

Farhan akashika kaunta. "Basi ungeirudisha. Sharti si unalijua?"

"Niliirudisha, braza. Ukasema niweke kwenye boksi, utaiangalia. Imo kwenye boksi."

Boksi lenyewe alilijua. Lilikuwa chini ya meza, lina disketi kama ishirini za watu, na hajafungua hata moja.

"Rudi," akasema. "Kiti utakaa wewe."

"Sio mie tu. Yeyote atakayekuja, siku ya kwanza umpe kitu cha kurekebisha. Kidogo, ila cha kweli. Na ukikikataa, mwambie kwa nini, siku hiyohiyo."

"Akiharibu je?"

"Si una nakala? Ataharibu nakala."

Alhamisi Flaviana akaja na ruhusa ya nusu siku, hiyo na ya kesho yake. Disketi yake ikaingia, timu ishirini na nne zikakaa bila kelele. Jioni hiyo akaingia mgeni, Apolinari, karani wa stoo kiwandani, mtu mzima wa miwani, kaliona tangazo. Farhan akamwamkia shikamoo, akampa kiti cha mbele ya kompyuta. Majina marefu ya timu yalikuwa yanakatwa mkia kwenye karatasi. Atafute kwa nini.

Ijumaa Marijani akafika saa kumi kamili. Printa ikalia. Majina yote yametoka kamili, ila tarehe hakuna. Apolinari kapanua safu ya majina, tarehe zimesukumwa nje ya karatasi.

"Daftari langu lina tarehe," Marijani akasema, kwa upole.

Vidole vya Farhan vilimuwasha. Neno "sogea, niweke nakala ya jana" lilishafika kwenye meno. Akatazamana na Flaviana, akavuta stuli, akakaa pembeni ya Apolinari, mikono kaikalia.

"Mzee, unaona zilipopotelea?"

"Naona. Nimezisukuma mie mwenyewe."

"Basi zirudishe taratibu. Katibu ana muda."

"Sina muda," Marijani akasema.

"Mletee chai, Flaviana."

"Kaichukue mwenyewe, mie nasoma nyuma ya mzee."

Farhan akanyanyuka kufuata chai. Dakika ishirini zikapita. Apolinari anaandika kwa kidole kimoja, anafuta, anaandika. Farhan akamimina chai ya pili, na sijui alijizuia vipi. Karatasi ikatoka. Marijani akaipitishia kidole mstari kwa mstari, timu zote, tarehe zote, akaikunja akaitia mfukoni.

"Huyu mzee na kesho yupo?" akauliza. "Watu wa netiboli nao wananisumbua, wanataka ratiba."

Apolinari akamgeukia Farhan, anasubiri.

"Muulize mwenyewe," Farhan akasema.