Milio Mitatu Sebuleni kwa Mama Kulwa

Kompyuta ya Mama Kulwa iligoma siku ambayo Bwana Masalu alikuwa amekaa kwenye sofa lake akimtazama. Ingegoma Jumapili watu wakiwa kanisani, au siku yoyote katika ile miezi miwili ya mwanzo ambayo hakuna mteja aliyepiga hodi, nani angejali? Lakini mashine zina ushenzi wake. Zinasubiri mgeni aje.

Jina lake hasa ni Teodora, ila tangu azae mapacha, Kulwa akitangulia kutoka, mtaa mzima wa Kirumba unamwita Mama Kulwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa taipisti katika ofisi ya ushirika wa pamba pale Mwanza mjini, na muda wote huo Bwana Masalu, aliyekuwa meneja wake, hakuwahi kumwita kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Alimwita "we taipisti," basi. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi na ushirika ukaanza kupunguza wafanyakazi, Masalu aliwasimamisha taipisti wanne mbele ya ofisi nzima, akatangaza kwamba zama za kompyuta zimefika, na kompyuta si chombo cha wanawake waliozoea kugonga vyuma. "Nendeni mkauze dagaa," alisema, na watu wakacheka. Teodora anawakumbuka waliocheka, mmoja mmoja, na walivyovaa.

Wenzake watatu waliuza dagaa kweli, na mambo yao yanaenda vizuri tu. Yeye alichukua kiinua mgongo chake akanunua kompyuta kuukuu ya Mholanzi mmoja wa mradi wa visima aliyekuwa akirudi kwao. Alipewa pia printa, na kitabu kinene cha maelekezo ambacho Mholanzi mwenyewe hakuwahi kukifungua. Kutoka ofisini hakuondoka na kitu zaidi ya kifutio chake cha taipureta, kile cha duara, kigumu, chenye brashi ndogo mkiani. Miezi minne alijifundisha sebuleni, kamusi pembeni. Mumewe, Ngosha, hakusema neno, na kwa Ngosha kunyamaza ndiyo namna ya kupinga. Kisha Teodora akapaka rangi ubao, akauandika kwa mkono wake: KUPIGA CHAPA KWA KOMPYUTA, akautundika juu ya mlango.

Na aliyekuja na kazi ya kwanza kubwa akawa nani? Masalu. Naye alikuwa amepunguzwa, maana panga lile halikuchagua cheo, na sasa alikuwa na kampuni yake ya kununua pamba. Alitaka kibali cha kununua pamba Sengerema. Maombi yalikuwa ya kurasa saba, nakala mbili, na yalitakiwa kufika wilayani Ijumaa kabla ofisi hazijafungwa, yakiwa yamepigwa chapa. Wiki hiyo umeme ulikuwa wa mgao, maduka ya mjini yalikuwa gizani mchana kutwa, na Kirumba ndiyo ilikuwa na zamu ya kuwaka. Hivyo Jumatano alikuja, shingo upande, akamkabidhi karatasi zake za mkono bila kukaa.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Kivuko cha kwenda Sengerema kilikuwa kinaondoka saa tano.

"Shikamoo, Bwana Masalu."

"Marahaba. Ziko tayari?"

"Nilimaliza kuzipiga jana jioni. Zimebaki kuchapwa tu. Karibu ukae."

Alikaa. Teodora akaondoa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kile cha maua ya njano, akabonyeza swichi. Feni ikakwaruza. Taa ya kijani ikawaka. Halafu zikatoka sauti tatu fupi, pi, pi, pi, na skrini ikabaki nyeusi tii. Akazima, akawasha tena. Pi, pi, pi.

"Imekufa?" aliuliza Masalu.

"Haijafa. Inaongea."

"Inasema nini?"

Hilo Teodora hakulijua. Kibali kilikuwa cha Masalu, na Masalu angepata njia nyingine ya kuishi, watu wa aina yake hawakosi. Chake yeye kilikuwa kile kibao juu ya mlango. Masalu akitoka pale mikono mitupu, kufikia jioni mji mzima ungekuwa umesikia kwamba taipisti alishindwa, kama alivyoambiwa. Hakuna ambaye angeleta barua tena. Na kibaya zaidi, alihofia kwamba yeye mwenyewe angeanza kuamini.

Akaanza na mambo madogo. Akagusa plagi ukutani, akasukuma waya nyuma ya sanduku, akatazama stebilaiza kama umeme umetulia. Umetulia. Akachungulia kama kuna disketi iliyosahaulika ndani. Haikuwemo. Kila alipowasha, ni ile milio mitatu.

Masalu hakuvumilia. Alitoka nje, akarudi na Mashimba, fundi redio wa banda la jirani, aliyebeba chuma chake cha kuunganishia nyaya kwa risasi. "Nimekuletea mwanaume," alisema Masalu.

"Shikamoo, mama," alisema Mashimba kwa aibu kidogo. Alifungua kifuniko cha sanduku kwa bisibisi, akainama, akanusa, akatikisa kichwa. "Imeungua hii, mama. Si unasikia harufu? Niichukue bandani, nikachomoe kinachofaa, kuna spea humu."

Teodora naye akainama akanusa. Amekulia ufukweni mwa ziwa, na harufu ile aliijua tangu akiwa mtoto.

"Mashimba, weka chini hicho chuma," alisema. "Kitu kilichoungua hakinuki dagaa."

Akavuta taa ya mezani karibu, na hapo aibu ikampanda mpaka masikioni, kwa sababu aliona kosa ni lake. Jana jioni wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda kutoka majini, wingu zima, na Kirumba yote ilifanya kama inavyofanya siku zote: madirisha yakafungwa, taa zikazimwa. Teodora pia alizima taa zote. Ila hakuizima kompyuta, maana alikuwa amebakiza ukurasa mmoja, na dirisha la sebuleni halifungi sawasawa tangu mapacha walivunje. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa gizani, na mwanga pekee uliobaki ulikuwa skrini yake. Alipomaliza akaizima, akapangusa kioo, akafurahi kuona wamekwisha, akaenda kupika. Kumbe hawakwisha. Feni ilikuwa inavuta hewa, na ilivuta na wadudu. Walikuwa wamejaa humo ndani, wamelowana, wamelala juu ya kila kitu kama uji uliomwagika.

"Hayo matope ni nini?" aliuliza Masalu.

"Wageni wangu wa jana," alisema Teodora, akaenda kuchukua kitabu cha Mholanzi.

Alipekua mpaka nyuma kabisa, kwenye orodha ya milio. Alisoma kwa kidole, taratibu, kama alivyokuwa akihakiki barua za Masalu na kumsahihishia Kiingereza bila kumwambia. Mlio mmoja, salama. Miwili, tatizo lingine. Mitatu mifupi: kumbukumbu ya mashine haisomeki. Kulikuwa na picha ya kumbukumbu hiyo: vibao viwili vyembamba, vyenye meno ya rangi ya dhahabu, vimesimama ndani ya sanduku. Akaviona. Vilikuwa vimezikwa.

Basi akafungua droo, akatoa kifutio chake cha taipureta na chupa ya spiriti. Kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa, kabla ya kufunga ofisi, Teodora alisafisha taipureta yake, herufi kwa herufi, kwa brashi na spiriti, mpaka tundu la herufi "a" likaonekana. Leo ilikuwa Ijumaa na mikono yake haikuhitaji kufundishwa. Alichomoa waya ukutani. Kwa mkia wa kile kifutio akawafagia wadudu, akiwatoa kwenye pembe na mashimo, akawamwaga kwenye sinia. Akavichomoa vibao viwili, akaona meno yake yamefubaa. Akayasugua kwa kifutio, polepole, upande huu na upande huu, mpaka yakang'aa. Akamalizia kwa pamba iliyochovywa spiriti, akapuliza, akasubiri ikauke.

Mashimba alikuwa amechuchumaa, akitazama kila kitu. Masalu alikuwa anatazama saa.

Akavirudisha vibao, akachomeka waya. Akawasha. Pi, pi, pi.

"Nilijua," alisema Masalu, akasimama.

"Kaa chini, Bwana Masalu," alisema Teodora. Hakupandisha sauti. Masalu akakaa, na nadhani yeye mwenyewe alishangaa kujikuta amekaa.

Teodora akazima, akapapasa vibao kwa ncha ya kidole. Kimoja kilikuwa kimeinama upande, unene wa ukucha tu. Akakikandamiza mpaka kikalia ta. Akawasha.

Pi. Mara moja.

Kisha skrini ikapata uhai, tarakimu nyeupe zikaanza kupanda kona ya juu, na feni, ikiwa haina tena mzigo kifuani, ikazunguka bila kukwaruza. Mashimba alipiga makofi. Teodora alitamani kupiga kigelegele, akajizuia, halafu akaona hakuna sababu ya kujizuia, akakipiga. Kilisikika mpaka sokoni.

Kurasa zote saba zilikuwepo, jedwali na yote, hata ule ukurasa wa mwisho. Printa ikaanza kulia kwa kelele zake za kusaga, karatasi ikishuka mstari kwa mstari, na hakuna muziki ambao Teodora aliwahi kuufurahia kama kelele ile. Saa nne na dakika ishirini nakala ya pili ilikuwa imebanwa kwa pini na kuwekwa ndani ya bahasha.

Masalu alisoma akiwa amesimama. Alitafuta kosa, Teodora alimwona akilitafuta, ukurasa hadi ukurasa. Hakulipata. Akalipa, akakohoa.

"Ofisi yangu mpya," alisema, "itahitaji katibu muhtasi. Mtu wa uhakika. Ungeweza kuanza Jumatatu."

Miaka miwili iliyopita Teodora angelia kwa furaha. Alishangaa kuona kwamba leo maneno yale yalimpita bila kugusa kitu.

"Ahsante, Bwana Masalu. Nina kazi tayari, unaiona. Ukiwa na karatasi nyingine zilete hapahapa, ila uje mapema. Ukikuta watu, utapanga foleni."

Masalu alitazama ile kompyuta iliyo wazi tumbo, kifutio cha taipureta kando yake, na sinia la wadudu ambalo Mashimba alikuwa analipeleka nje kwa kuku. Alivaa kofia yake, akafika mlangoni, akasimama chini ya kibao.

"Nitapanga foleni," alisema. "Kwaheri, Mama Kulwa."